Mwalimu anataka kuacha chaki aandike miongozo ya kiufundi: aanzie wapi?

Katika barua za mwezi huu, wasomaji watatu wameuliza kuhusu kazi moja: kuandika nyaraka za kiufundi, yaani miongozo ya matumizi ya mashine, programu na mifumo. Barua zao tumezifupisha bila kubadili maana, na majibu yametolewa na mshauri wetu wa masuala ya kazi, ambaye ameandika miongozo ya mifumo ya hospitali kwa miaka mingi.

SWALI: Ndugu Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Fizikia na Hisabati katika shule ya sekondari ya serikali mkoani Iringa. Nina umri wa miaka 34 na nimefundisha kwa miaka tisa. Binamu yangu anayefanya kazi katika kampuni ya programu jijini Dar es Salaam ameniambia kuwa wapo watu wanaoajiriwa kuandika maelekezo ya programu, na wengine hufanya kazi hiyo wakiwa nyumbani. Mimi hupenda kuandika. Maelekezo ya mazoezi ya maabara niliyowaandalia wanafunzi wangu hutumiwa na shule mbili za jirani. Je, ni lazima kwanza nisomee upangaji programu? Niache kazi nikasome, au nimechelewa kwa umri huu? — *Mwalimu, Iringa*

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Barua yako inaeleza hali yako yote katika ukurasa mmoja bila kuacha jambo la msingi, na hiyo ni dalili njema kwa kazi unayoiulizia.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu wengi huijua kwa jina tu. Mwandishi wa nyaraka za kiufundi humwandikia mtu ambaye kifaa au programu iko mbele yake, ana shughuli ya kukamilisha, na hana wa kumuuliza. Mtu huyo anaweza kuwa mhudumu wa zahanati anayeingiza takwimu za chanjo, keshia aliyekabidhiwa mashine ya risiti asubuhi ya leo, au msanidi programu anayetaka duka lake la mtandaoni lipokee malipo ya simu. Huyo wa mwisho ameongezeka sana katika nchi zetu tangu kampuni za malipo zilipoanza kufungua mifumo yao ili programu za watu wengine ziunganishwe nayo, kama Safaricom ilivyofanya ilipotoa Daraja, kiunganishi cha huduma yake ya M-Pesa, mwaka 2017. Kiunganishi cha namna hiyo, ambacho wenye fani hukiita API, hakina vitufe wala picha za kukiongoza. Anayekitumia hutegemea maandishi peke yake, na maandishi yakiwa mabaya, huduma nzima huonekana mbovu hata kama imetengenezwa vizuri.

Sehemu kubwa ya siku ya mwandishi haiishii katika kuandika. Huishia katika kuwauliza wahandisi maswali ambayo wao huyaona kuwa mepesi mno, kujaribu kila hatua kwa mikono yake, na kuamua nini kiachwe. Hapo ndipo miaka yako tisa inapokuwa mtaji. Umekwisha kujua namna ya kutambua kwamba mtu hajaelewa hata pale anapotikisa kichwa kukubali, na ujuzi huo haufundishwi kwa wiki chache.

Chukua mfano kutoka maabara yako mwenyewe. Maelekezo ya kupima mkondo wa umeme mara nyingi huandikwa hivi: “Unganisha ameta na betri, funga swichi, kisha soma mkondo. Zingatia kwamba ameta haipaswi kuunganishwa na betri bila rezista.” Kila sentensi hapo ni ya kweli, lakini mwanafunzi anayefuata maneno kwa mpangilio wake atakuwa amekwisha kuunguza fyuzi, au ameta yenyewe, kabla hajalifikia onyo, kwa kuwa ukinzani wa ameta ni mdogo mno na betri itapitisha mkondo mkubwa ndani yake. Mwandishi wa kiufundi angelipanga jambo hilohilo namna nyingine:

“Onyo: ameta ikiunganishwa na betri bila rezista, itaungua.
1. Acha swichi ikiwa wazi.
2. Unganisha betri, swichi, rezista na ameta kwa mfululizo.
3. Mwite mwalimu akague sakiti.
4. Funga swichi. Mshale wa ameta utasogea kulia.
5. Mshale ukisogea nyuma ya sifuri, fungua swichi, kisha badilisha nafasi za nyaya mbili za ameta.
6. Andika kipimo cha mkondo.”

Onyo limetangulia hatari, hatua zinafuatana kwa mpangilio wa matendo, na msomaji ameambiwa atakachokiona akifanikiwa pamoja na la kufanya asipofanikiwa. Ukiyatazama maelekezo yako ya maabara kwa jicho hilo, utaona yaliyokwisha kufikia kiwango hicho na yanayohitaji kuandikwa upya.

Lipo pia jambo ambalo walimu wanaoingia katika kazi hii hupata taabu kuliacha. Mwalimu mzuri hufafanua, hurudia, na wakati mwingine huficha jibu ili mwanafunzi aligundue mwenyewe. Msomaji wa mwongozo hataki kugundua chochote. Anataka kumaliza kazi yake aende nyumbani. Mwandishi mmoja wa fani hii, Daniele Procida, amezigawa nyaraka katika aina nne katika mfumo wake uitwao Diátaxis: somo la kumfundisha anayeanza, maelekezo ya kutimiza kazi fulani, marejeo ya kuangalia taarifa kwa haraka, na ufafanuzi wa sababu za mambo. Nakushauri uusome mfumo huo, unapatikana bure mtandaoni, na ujizoeze kutoingiza ufafanuzi wa aya tatu katikati ya hatua ya nne na ya tano. Sababu za mambo zina mahali pake, nazo zikiwekwa mahali pake husomwa kwa utulivu na kwa faida.

Kuhusu upangaji programu, si lazima uwe msanidi. Unachohitaji ni kuweza kusoma msimbo mfupi, yaani maagizo yanayoandikiwa kompyuta, na kufahamu msimbo huo hufanya nini, kutuma ombi kwenye API na kuelewa jibu linalorudi, na kujua tofauti ya jibu la 401, linalokuambia kwamba mfumo haujakutambua, na la 404, linalokuambia kwamba ulichokiomba hakipo. Kwa mtu anayefundisha Hisabati, hayo yanafikika. Jifunze pia kuandika kwa Markdown, alama chache za kupanga maandishi zilizobuniwa mwaka 2004, ambazo utazimudu kwa alasiri moja, kisha Git, programu ya kutunza kila badiliko la faili, ambayo itakusumbua zaidi na ndiyo maana inafaa uianze mapema. Google ina kozi za bure za uandishi wa kiufundi zilizotungwa kwa ajili ya wahandisi, na jumuiya ya Write the Docs, iliyoanzia Portland nchini Marekani mwaka 2013, ina mwongozo wa bure kwa wanaoanza na ukumbi ambamo waandishi wa nchi mbalimbali hujibizana. Kozi za kulipia zipo nyingi. Sitakuambia ulipe hata moja kabla ya kumaliza hizi za bure.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka ulizingatie kuliko yote niliyokwisha kusema. Mwajiri wa kazi hii hukuuliza, “Umeandika nini ambacho nikikifungua sasa hivi nitakisoma?” Cheti hakijibu swali hilo. Maelekezo yako ya maabara yanaanza kulijibu, na programu huria zitakusaidia kulijibu zaidi, kwa kuwa nyaraka zake ziko wazi na yeyote anaruhusiwa kupendekeza marekebisho. Huna haja ya kutafuta mbali. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioendelezwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, hutumiwa na wizara za afya za Tanzania na Kenya. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Ushahidi lilizaliwa Kenya mwaka 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi, na limeendelea kuwa jukwaa la kukusanya taarifa kutoka kwa wananchi.

Chagua mfumo mmoja kati ya hiyo. Fuata mwongozo wake hatua kwa hatua kwenye kompyuta yako, na kila unapokwama usijilaumu. Andika ulipokwamia, ulichotarajia kukiona na ulichokiona. Sehemu hiyo ndiyo yenye kasoro, na wewe ndiye unayefaa kuirekebisha kwa sababu bado unakumbuka kilichokukwaza. Tuma pendekezo dogo la aya moja. Likikubaliwa, litabaki hadharani likiwa na jina lako na tarehe, pamoja na mjadala wenu na watunzaji wa mradi, na mwajiri atakayeusoma ataona namna unavyopokea masahihisho, jambo ambalo barua ya maombi haiwezi kumwonyesha.

Kabla ya kutuma andiko lolote, mpe mtu asiyeujua mfumo huo, kwa mfano mwalimu mwenzako wa Historia. Keti pembeni yake na usiseme neno. Macho yake yanaporudi juu kusoma mstari mara ya pili, weka alama kwenye mstari huo. Kunyamaza hapo ni kugumu sana kwa mwalimu, lakini dakika chache za kumtazama zitakufunza kuliko maoni ya ukurasa mzima ambayo angekuandikia kwa adabu.

Usiache kazi sasa. Ninalisema hili kwa msisitizo kwa sababu barua nyingi zinazotufikia hutoka kwa watu waliojiuzulu kwanza na kutafuta njia baadaye. Wewe ni mtumishi wa umma. Pensheni ya uzeeni katika mfuko wako inahitaji michango isiyopungua miezi 180, nawe kwa miaka tisa umechangia takribani miezi 108. Nenda ofisi ya mfuko ukaulize kwa maandishi michango yako itakuwaje ukihamia sekta binafsi, na usome masharti ya ajira yako kuhusu kufanya kazi za nje ukiwa bado mtumishi. Tumia likizo za Juni na Desemba kwa mafunzo na kwa miradi huria. Ukianza kulipwa kwa mkataba wa kazi moja moja, jisajili na mamlaka ya mapato kama inavyotakiwa, na usipokee kazi isiyo na makubaliano ya maandishi yanayotaja nani atakagua rasimu na ni marekebisho ya awamu ngapi yamo ndani ya bei.

Na umri wa miaka 34 haujachelewa hata kidogo. Katika kazi hii, mtu aliyewahi kufanya kazi nyingine huonekana kuwa na faida zaidi ya asiyewahi.

SWALI: Mshauri wetu, salaam kutoka Mombasa. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Nina cheti cha ufundi, sina digrii. Mitambo ya barafu na vyumba vya baridi tunavyofunga huja na vitabu vya Kichina na Kiingereza ambavyo wahudumu wa mitambo hawavisomi, kwa hiyo mimi huwaandikia karatasi ya Kiswahili na kuibandika mlangoni. Bosi anapenda, lakini haihesabiwi kuwa kazi. Kiingereza changu ni cha kazini tu. Naweza kuwa mwandishi wa miongozo? — *Fundi, Mombasa*

JIBU: Fundi, kazi hiyo umekwisha kuianza, kinachokosekana ni kuitambulisha kwa jina lake na kuilipia.

Kuhusu Kiingereza, hofu yako ina historia ndefu. Mafundi wa ndege ulimwenguni kote husoma miongozo ya Kiingereza ilhali wengi wao si wazawa wa lugha hiyo, na kosa moja la kuelewa linaweza kugharimu maisha ya abiria. Kwa sababu hiyo sekta ya ndege ya Ulaya ilitoa mwaka 1986 kanuni za Kiingereza kilichorahisishwa, ambazo leo zinajulikana kama ASD-STE100. Neno moja hubeba maana moja, sehemu moja ya mtambo huwa na jina moja kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na sentensi ya hatua haivuki maneno 20, wakati sentensi ya maelezo haivuki 25. Kanuni hizo hutolewa bila malipo kwa anayeziomba. Kiingereza cha namna hiyo hakihitaji ufasaha wa mwanahabari. Kinahitaji nidhamu, na fundi anayejua kwamba valvu hufungwa kabla ya kuondoa bomba tayari ana nidhamu hiyo mikononi.

Kiswahili nacho kiandike kwa masharti hayohayo. Ukiita sehemu fulani kompresa mlangoni, usiigeuze kuwa mashine ya kugandamiza katika karatasi ya pili, hata kama unaliona jina la pili kuwa la kitaaluma zaidi. Tumia majina wanayoyatumia wahudumu wenyewe, kisha piga picha ya mtambo halisi uliofungwa hapo, uweke namba kwenye kila sehemu, na hatua zako zitaje namba hizo. Mhudumu wa zamu ya usiku anayesikia kengele ya joto kupanda hatasoma aya, atatafuta namba.

Ninachokushauri kuhusu bosi wako ni hiki. Kusanya karatasi zote ulizobandika, zipange ziwe kijitabu kimoja chenye tarehe na namba ya toleo, na uandike pembeni simu za usiku za kuomba msaada zilizokuwa zikija kabla na baada ya kila karatasi kubandikwa, kama kumbukumbu hizo zipo. Kisha omba uandishi wa miongozo uingizwe katika maelezo ya kazi yako pamoja na saa zake. Kiwango cha kimataifa kinachohusu maelekezo ya matumizi, IEC/IEEE 82079-1, kinayahesabu maelekezo kuwa sehemu ya bidhaa yenyewe, na hoja hiyo ina uzito mbele ya mtu anayeuza mitambo: mteja aliyepewa chumba cha baridi bila mwongozo anaoweza kuusoma amepewa bidhaa pungufu. Bosi akikataa, kijitabu hicho bado kinakufaa kuwaonyesha waagizaji wengine wa mitambo mjini kwako, mradi uondoe kwanza siri zozote za kampuni na majina ya wateja.

Digrii itatakiwa katika baadhi ya matangazo ya kazi, hasa ya mashirika makubwa. Katika biashara ya mitambo sijaona ikimzidi nguvu mtu aliyeufunga mtambo mwenyewe na anayeweza kuueleza.

SWALI: Mimi ni muuguzi Nairobi. Nilitaka kuingia katika uandishi wa kiufundi wa vifaa na programu za afya, lakini kila mtu ananiambia akili unde itaandika yote. Je, nipoteze muda wangu? — *Muuguzi, Nairobi*

JIBU: Dada Muuguzi, sitakuficha kwamba soko limebana. Kampuni nyingi za teknolojia zilipunguza wafanyakazi kuanzia mwishoni mwa mwaka 2022, na waandishi hawakusalimika. Chama kikongwe cha fani hii nchini Marekani, Society for Technical Communication, kilichoanzishwa mwaka 1953, kilitangaza Januari 2025 kwamba kinafunga shughuli zake. Nafasi za kuandika maelezo ya kawaida ya skrini, yale ya “bonyeza hapa ili uhifadhi”, zimepungua na sioni sababu ya kutarajia zirudi.

Lakini tazama mahali unapotokea. Pakiti ya kawaida ya ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha, huyeyushwa katika lita moja ya maji. Mashine ikiandika “nusu lita” ndani ya sentensi laini isiyo na kosa la kisarufi, msomaji hataona dosari yoyote, na mtoto anayeharisha atapewa mchanganyiko wenye chumvi maradufu. Wewe utashtuka mara moja. Pia utauliza swali ambalo mashine haikuulizwa: mama huyo nyumbani ana chombo gani cha kupimia lita? Mwongozo usiotaja chupa ya maji ya lita moja, au vikombe vitano vya mililita 200, bado haujakamilika hata kama namba zake zote ni sahihi. Mtu wa kuthibitisha, kuuliza na kujaribu na watumiaji halisi ataendelea kuhitajika katika vifaa vya afya, na wajibu wa kosa utabaki kwa binadamu na taasisi iliyomwajiri.

Kwa hiyo jifunze kuitumia hiyo akili unde, kisha ujenge ushahidi wako juu ya ukaguzi. Chagua kifaa kimoja unachokitumia wodini kila siku, kwa mfano mashine ya kupima shinikizo la damu. Iombe programu ikuandikie maelekezo ya kukitumia, halafu uyasahihishe mstari kwa mstari ukilinganisha na kitabu cha mtengenezaji na mazoea ya kazi: mgonjwa akae dakika tano kwanza, mkanda uwe wa saizi ya mkono wake, mkono uegemezwe usawa wa moyo. Weka rasimu ya mashine upande mmoja wa ukurasa na yako upande wa pili, na chini ya kila badiliko andika sababu yake kwa sentensi moja. Usitumie taarifa ya mgonjwa yeyote wala picha iliyopigwa wodini bila ruhusa. Ukiwa na kurasa mbili au tatu za namna hiyo, anza kuziandikia kampuni zinazotengeneza au kuingiza vifaa na programu za hospitali hapo Nairobi, ukimtaka anayehusika na mafunzo ya wateja, kwa kuwa yeye ndiye anayepigiwa simu kila mwongozo unaposhindwa kueleweka.